Jini Kiziwi wa Chamazi

Vijana wa studio ya Mbagala wameniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa kabla ya kompyuta. Wameniletea daftari na kalamu mbili, nami nimestaafu mwezi uliopita, kwa hiyo sina kisingizio. Nyie mnaingiza sauti mkiwa mmejifungia kwenye chumba chenye magodoro ukutani, na mkikosea mnafuta mnarudia. Sie tulitafsiri filamu papo hapo, watu wamekaa mbele yako, na ukikosea unazomewa kabla hujamaliza sentensi. Mambo ya vyeo sitayaandika, maana hapakuwa na cheo. Palikuwa na stuli, maiki na watu.

Nilianzia Kurasini, jirani na yadi za makontena. Nilikuwa nauza kahawa na kashata mlangoni mwa kibanda cha video. Wateja wake walikuwa makuli wa bandarini, madereva wa malori na utingo wao, watu waliokuwa wakingoja mzigo utoke na hawajui utatoka lini. Mtafsiri alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo wa hapo hapo, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye chumba cha mashine cha sinema moja ya mjini. Alikuwa mkimya sana nje ya ukumbi. Akikaa kwenye stuli alitoa sauti kumi za watu kumi, na uso wake hausogei.

Mchana mmoja jino lilimvimbisha shavu hata mdomo haufunguki. Ukumbi umejaa. Alitoka mlangoni, akanishika mkono na kuniongoza ndani, birika langu la kahawa likabaki juu ya jiko.

"Kaa hapa," alisema kwa shida.

"Mzee, mie filamu hiyo sijawahi kuiona."

"Na wao hawajaiona. Kaa."

Nilikaa.  Picha ilianza, watu wawili wanagombana jikoni, nami nikaamua kwamba ni ndugu, mtu na kaka yake. Niliwapa ugomvi wa shamba la urithi, ukaenda vizuri karibu nusu saa. Halafu yule mmoja akamkumbatia mwenzie na picha ikaonyesha, bila ubishi wowote, kwamba ni mtu na baba yake. Kuli mmoja alisimama.

"We mama kahawa! Huyu siyo kaka yake!"

Ukumbi ukaanza kunguruma. Nilirudi kwenye sauti ya yule kijana wa kwenye filamu, nikasema, "Hata mie nimeambiwa leo!"

Walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mzee Kondo hakucheka. Alikuja taratibu, akaishika stuli yangu na kuigeuza, nikawa nawatazama watu badala ya skrini. Kesho yake aliniletea kioo cha pembeni cha pikipiki, akakifunga kwa waya kwenye chuma cha maiki ili picha niione humo.

"Filamu haikukimbii," aliniambia. "Wanaokimbia ni watu. Waangalie wao."

Hilo ndilo somo lenyewe, mengine ni matunzo ya koo. Alinifundisha kutafuna tangawizi na kuyaogopa maji ya barafu. Alinifundisha kuifunga amplifaya kwenye betri ya gari, ili umeme ukikatika uweze kuendelea kuongea, kwa sababu ukumbi wenye giza na ukimya unaharibika haraka. Na aliwahi kunisimulia jambo moja la ujana wake ambalo hakulichekea. Ukumbini kwao kijana mmoja alipiga kelele "Moto!" kwa utani. Hapakuwa na moto wowote. Palikuwa na mlango mmoja na watu wengi, na wengine hawakunyanyuka tena pale chini. Alisimulia mara moja tu, akamalizia, "Neno lile lisitoke kwenye maiki. Hata kama ni kweli."

Alipofariki nilichukua kioo changu nikahamia Chamazi, kwenye ukumbi wa video wa Bwana Mohsin. Huyu ni Khoja aliyezaliwa Temeke, ukoo wake una duka la spea Mbagala, na Kiswahili chake cha mtaani kilikuwa kinaniacha mbali. Alikuwa mwoga wa umeme kuliko mtu yeyote niliyemjua. Swichi alikuwa anaizima kwa mpini wa ufagio. Mlangoni alikaa Mama Chiku, mwanamke wa miraba minne mwenye sauti isiyohitaji spika. Ukumbi wetu ulikuwa wa matofali, juu bati, chini ya bati silingi bodi. Mlango mpana ulikuwa nyuma ya watazamaji. Mlango mdogo wa uani ulikuwa mbele, upande wangu, lakini duka la jirani lilizoea kupanga kreti za soda nje yake, na sie tukazoea kwamba haufunguki.

Pale Chamazi ndipo nilipokutana na filamu ya jini.

Ililetwa kwenye flashi, imetoka nchi ya mbali, lugha siijui, na maandishi ya Kiingereza chini yake yalikuwa yameandikwa na mtu ambaye naye hakijui. Muuza mboga, mama wa makamo, ananunua sufuria kuukuu sokoni, anaisugua, anatoka jini mnene aliyevaa kilemba kinachomzidi kichwa. Mama anaomba kitu, jini anampa kitu kingine kabisa. Anaomba tena, anapewa balaa jingine. Kwao bila shaka palikuwa na mchezo wa maneno, lakini mchezo wa maneno haupandi ndege. Niliitazama mara tatu nyumbani nikiwa na kalamu, nikakata tamaa, halafu nikajiuliza: huyu jini anakosea kwa nini? Jibu lililonijia ni kwamba hasikii vizuri. Nikamfanya kiziwi.

Kwenye filamu palikuwa na mnyama mwenye pembe, nikamfanya mama aombe nyumba, jini akamletea nyumbu. Binti yake akataka ndoa, jini akaleta ndoo. Mama akaomba shamba, akatokea simba. Sauti ya jini niliipata kwa mjomba wangu mmoja wa Kawe, aliyekuwa haambiliki na kila kitu anaitikia "Enhe, nimekuelewa" kabla hujasema.

Nimetafsiri filamu za vita na za mapenzi, nimewaliza madereva wa malori, lakini sijaona kitu kilichoshika watu kama jini yule. Kwetu Pwani neno jini halitajwi ovyo. Mtoto akiweweseka, jini. Biashara ikilala, jini. Watu wanahama nyumba kwa ajili yake. Sasa wanamwona yuko mbele yao, mnene, kachoka, hasikii, anaomba radhi kwa nyumbu. Mwanamke mmoja alitoka ukumbini akifuta machozi ya kucheka akamwambia Mama Chiku, "Kumbe na wao wana shida zao!" Watoto walipenda jambo moja zaidi ya yote: kumsahihisha. Jini akisema ndoo, ukumbi mzima unapiga kelele, "Ndoaaa!" Mtoto ambaye kutwa nzima anasahihishwa yeye, nyumbani na shuleni, hapo amepata mtu mzima wa kumsahihisha.

Siku moja ustadhi wa madrasa ya jirani aliingia na kukaa benchi la mwisho. Vicheko vilikufa. Nilitafsiri filamu nzima huku namwangalia yeye peke yake, na yeye hakusogeza hata ndevu. Ilipokwisha alikuja mpaka kwenye stuli.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba. Jini lako linapiga hodi kabla ya kuingia kwa watu."

"Ndiyo, ustadhi. Ni mimi nimeongeza."

"Watoto wangu wameanza kupiga hodi." Alifikiri kidogo. "Basi."

Akaondoka. 

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niikubali kazi hii ya kuandika.

Ilikuwa Idi. Bwana Mohsin alileta feni mbili kubwa kwa ajili ya joto, na zote mbili zikaunganishwa kwenye plagi moja, ikachomekwa kwenye soketi ya ukutani nyuma yangu, ambayo waya wake ulipita juu ya silingi bodi. Idi mosi, onyesho la pili, nilisikia harufu. Siyo kali, ni harufu ya plastiki iliyokaa juani. Filamu ilipokwisha niligusa plagi nikarudisha kidole haraka. Niliichomoa, nikaiacha ipoe, nikairudisha.

Sikumwambia mtu. Nimekuwa nikijipa sababu mbalimbali miaka yote hii, lakini ya kweli ni moja. Bwana Mohsin angeisikia habari ile angezima kila kitu na kuita fundi, na fundi wa sikukuu hapatikani. Nje watoto walishapanga foleni na nguo zao mpya. Nami niliitaka Idi ile. Nilitaka kusikia ukumbi mzima ukipiga kelele "Ndoa!" kwa maneno niliyoyatunga mimi. Nikajiambia, keshokutwa.

Idi pili, saa nane mchana, ukumbi wa watu sitini ulikuwa na watu zaidi ya mia. Watoto wamepakatana, kina mama wamekaa kwenye khanga sakafuni. Tulifika pale jini anapoleta simba. Nikawatazama watu, kama nilivyofundishwa, na benchi la tatu nikaona mtoto wa kike haangalii skrini. Katika kazi yangu mtoto asiyeangalia filamu ni jambo la kushughulikiwa. Huyu alikuwa anaangalia juu, nyuma ya kichwa changu.

Niligeuza kioo cha pikipiki. Kwenye pembe ya silingi bodi, juu ya soketi, moshi ulikuwa unatoka mwembamba kama uzi. Nikiwa bado natazama, uzi ukawa kamba.

Mdomo wangu ulikuwa unaendelea kuongea. Sijui ulikuwa unasema nini. Watu walikuwa wanacheka. Ndani nilikuwa nahesabu. Mlango mmoja, nyuma yao. Watoto wa mbele wako karibu na moto na mbali na mlango. Wakisimama wote kwa pamoja, wale wa sakafuni wanakanyagwa kabla moshi haujamfikia mtu. 

Kisha nikaongea kwa sauti ya jini. "Enhe, nimekuelewa! Mama Chiku wa mlangoni, jini amekufa kwa joto. Fungua mlango wote wote!"

Watoto wakacheka. Mama Chiku filamu ile alishaiona mara nyingi kuliko mimi, na alijua kwamba yeye hayumo. Niliona kichwa chake kikiinuka. Akanitazama, akatazama juu yangu, mkono ukaenda mdomoni. Nilimtikisia kichwa: hapana, usiseme. Akafungua mabawa yote mawili ya mlango na kuegemeza tofali kila upande. Mwanga ukaingia.

"Na Bwana Mohsin! Jini anataka kulala. Zima swichi kubwa, halafu nenda uani ukanitolee zile kreti!"

Bwana Mohsin alikuwa amesimama kwenye meza ya tiketi. Aliuona moshi. Mtu yule aliyezima swichi kwa mpini wa ufagio alikimbilia boksi la umeme kwa mkono mtupu.

Picha ilizimika. Feni zikalegea. Na hapo ndipo nilipoishukuru mara ya kwanza hali yetu ya umeme, maana mtu wa Dar umeme ukikatika hakimbii. Anakaa na kulalamika. "Aaaah!" ukumbi mzima, na miluzi. Betri yangu ilikuwa hai.

"Nani kazima?" jini akauliza. "Nimeomba kima, nyie mmesikia zima? Haya, tutoke. Jini anagawa zawadi uwanjani. Wataanza wa benchi la mwisho kabisa, wale walioonewa kwa kukaa mbali. Shika nguo ya mwenzio wa mbele. Atakayemkanyaga mtu ataomba ndoa nimpe—"

"Ndoo!" walipiga kelele.

"Enhe, nimekuelewa. Twende."

Benchi la mwisho likatoka. La pili kutoka nyuma likatoka. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya: kuwakalisha watoto wa mbele. Walikuwa hatua tano kutoka kwangu, moshi uko juu yao, nami nawachekesha ili wasinyanyuke, kwa sababu njia yao ilikuwa bado imejaa watu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliona. Macho yalimtoka, mdomo ukafunguka. Nilimtazama moja kwa moja, nikasema kwa sauti ya jini, "Mama mwenye khanga ya kijani, wewe ndiye mke wangu mtarajiwa, usinikimbie, zamu yako inakuja." Alifunga mdomo. Machozi yalikuwa yanamtoka huku watoto wa pembeni yake wanamcheka kwa kuchumbiwa na jini.

Uani tukasikia kishindo na chupa zikivunjika.

"Nini hicho?" mtoto mmoja akauliza, na sauti yake haikuwa ya kucheza.

"Mke wangu mkubwa anaosha vyombo. Amesikia ninaoa."

Wakacheka. Chupa nyingine, kreti nyingine. Kisha mlango mdogo ukagongwa na kusukumwa kwa nje, ukafunguka, na Bwana Mohsin akasimama pale mikono inavuja damu.

"Benchi la mbele, huku! Mmoja mmoja, jini anawahesabu!"

Walitoka. Nilimshika kila mmoja begani alipopita. Moshi sasa ulikuwa mweusi na umeshuka mpaka kimo cha mtu, hata jini angesimama pale kilemba na kichwa visingeonekana. Mama Chiku alipiga kelele kutoka nyuma kwamba upande wake umekwisha. Niliacha maiki ikining'inia nikatoka.

Uwanjani watoto walikuwa wanarukaruka wanaulizia zawadi. Majirani walishaanza kuja na ndoo na mchanga, mtu amewapigia simu zimamoto. Nilikuwa nimeinama nakohoa nilipomsikia Mwanahawa. Huyu alikuwa mama jirani, mshona nguo, aliyekuwa amemtuma binti yake mkubwa aje na mdogo wake.

"Hamisi yuko wapi? Si nimekwambia umshike? Hamisi yuko wapi?"

Binti alikuwa ameshika shati. Shati lilikuwa la mtoto mwingine.

Mwanahawa alikimbilia mlango mdogo akiita. Wanaume wakamshika, nao wakaita, "Hamisi! Hamisiii!" kwa sauti nzito za hofu. Ndani kimya. Mama Chiku alinikamata gauni akijua ninachotaka kufanya. Nilichovya khanga kwenye ndoo ya mtu, nikajifunga usoni, gauni likachanika, nikaingia.

Nilitambaa. Chini palikuwa na hewa kidogo na viatu vya watoto. Niliita jina lake kwa sauti yangu. Hakuna. Niliita tena, moshi ukanijaa kooni, na juu silingi bodi ilikuwa inalia kama mafuta kwenye kikaango. Nikafikiri: mtoto wa miaka minne, akisikia watu wazima wanapayuka jina lake hivyo, anajua amekosea. Amejificha. Hatatoka.

Nikavuta pumzi karibu na sakafu. "Enhe, nimekuelewa," nikasema kwa sauti ya jini, kilichobaki cha sauti hiyo. "Nimetumwa kumchukua Kamasi. Kamasi yuko wapi?"

Kimya.

"Kamasi wa Mama Mwanahawa! Jini anamtaka Kamasi!"

Kutoka chini ya benchi la pili, kwa hasira kabisa: "Si Kamasi! Mie Hamisi!"

Nilinyoosha mkono nikapata mguu. Nilimvuta kwa mguu huo huo, sikuuliza ruhusa, na tulipofika mlangoni kipande cha silingi bodi kilianguka mahali tulipotoka. Bwana Mohsin alitudaka sote wawili.

Mwanahawa alimpokea Hamisi. Alimpapasa mtoto kichwa, tumbo, miguu, kama anayekagua kitambaa, akampiga kofi dogo la matako, kisha akakaa chini mchangani naye na kuficha uso shingoni mwake. Hamisi alikuwa bado ana kesi yake. "Ameniita Kamasi," alimwambia mama yake.

Zimamoto walipomaliza, nusu ya ukumbi ilikuwa bati tupu lililojikunja. Watoto hawakwenda nyumbani. Walikuwa wameanza kuelewa, wameona mikono ya Bwana Mohsin, wadogo wanalia bila kujua kwa nini. Wakanizunguka. Mmoja akauliza, "Halafu yule mama aliomba nini mwisho?" Nikakaa juu ya kreti ya soda, nikawasimulia kwa sauti iliyokuwa kama msumeno. Ombi la mwisho mama anaomba jini apone masikio. Jini anapona. Kitu cha kwanza anachosikia ni soko zima linavyopiga kelele, anashika kichwa, anaomba arudishwe ndani ya sufuria. Walicheka, na kina mama waliokuwa wamesimama nyuma wakacheka pia, kicheko kile cha mtu anayetetemeka.

Wiki iliyofuata serikali ya mtaa iliita kikao. Mwenyekiti alinisifu, nikapewa khanga, watu wakapiga makofi. Makofi yalikuwa mengi mno. Nilisimama nikasema, kwa sauti ambayo tangu siku ile haijapona, kwamba plagi niliijua tangu jana yake. Niliigusa, ilikuwa ya moto, nikanyamaza.

 Mtu mmoja akaguna. Mwenyekiti alitazama karatasi yake kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Bwana Mohsin alikuwa mstari wa mbele, mikono imefungwa bandeji. Hakukasirika, ningependa angekasirika. "Dada Zuhura," alisema, "si ungeniambia tu." Baadaye akaongeza, "Na mie mlango wa uani sikuwahi kuuliza kwa nini haufunguki."

Mwanahawa alisimama, akamshika Hamisi mkono, akatoka. Kwa miezi mingi tulipopishana njiani aliniamkia kwa kichwa, mdomo umefungwa. Sikumlaumu. Alikuwa na haki ya kunishukuru na haki ya kunichukia, na zote mbili zilikuwa zimekaa kwenye kifua kimoja.

Nilikaa bila kazi muda huo wote. Mjue kwamba sauti iliyoungua ina matumizi yake: baadaye nilipewa wazee, wachawi na mapolisi wote. Lakini wakati ule niliamini nimekwisha. Bwana Mohsin ndiye aliyejenga upya, polepole, akaweka milango miwili inayofungukia nje, waya ndani ya mabomba, na akaandika ukutani idadi ya watu kwa rangi nyekundu. Kisha akaja kwangu na flashi. "Wanaitaka ileile," alisema.

Siku ya kufungua niliweka stuli yangu na kuwageukia watu. Walikuwa wachache. Kina mama walisimama nje na watoto wao, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ndipo Mwanahawa akaja, Hamisi nyuma yake. Hakunisalimu. Alikwenda mlango wa uani, akausukuma, akatoka nje, akaangalia kushoto na kulia, akarudi. Akaenda mlango mkubwa akafanya hivyohivyo. Akaweka kiganja kwenye soketi ya nyuma yangu, akakiacha hapo kwa muda. Watu wote walikuwa wanamtazama. Mama Chiku alitaka kufunga mlango ili giza liingie na picha ionekane.

"Acha," Mwanahawa alisema.

Akakaa benchi la mwisho, karibu kabisa na mlango uliokuwa wazi, akampakata mtoto. Wengine wakaanza kuingia.

"Haya," akaniambia. "Anza."

Nilianza. Mwanga wa nje uliipausha picha hata nusu yake haikuonekana. Hakuna aliyeomba mlango ufungwe.